Jina la Dini na Sura ya Jirani



Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, Kaunti ya Mandera nchini Kenya, Al-Shabaab walilisimamisha basi, wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa; baadhi yao waliwapa Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Wauaji walitafuta majina ya dini. Abiria waliona wenzao wa safari. Nasi tujiulize: tukimwita jirani “kafiri” au “mpagani”, tumejua nini juu yake? Imani yetu hatuifichi wala hatuipunguzi. Hata hivyo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la mwaka 1965, unatufundisha kuwaheshimu Waislamu. Tuombe neema ya kuulinda ulimi. Amina.