Mbona Nilifuta Ile Vidio ya Sarafu

Wasee wengi mmekuwa mkiniuliza kwa inboksi ile vidio yangu ya kuchimba sarafu ilienda wapi. Niliifuta mwenyewe. Hakuna mtu aliniripoti na akaunti haikuingiliwa. Leo acha niwaambie story yote, hata ile sehemu inanichoma.

Tuanze na mashine. Unajua kile kijiti soja hukupitishia mwilini ukiingia mall, kinalia kikifika kwa mshipi? Detekta ya kutafuta vitu ardhini ni ndugu yake mkubwa. Chini ina sahani ya duara yenye nyaya zilizozungushwa. Umeme ukipita kwa hizo nyaya unatoa nguvu ya sumaku inayoingia mchangani. Ikigusa chuma, shaba ama dhahabu, kile kitu nacho kinarudisha kasumaku kake kadogo, mashine inasikia, inalia. Ni hivyo tu. Haijui thamani ya kitu. Kizibo cha soda kinaipa furaha ile ile ya pete ya dhahabu.

Yangu niliinunua mkono wa pili, na pesa nilizokuwa nimewekea simu mpya. Nilikuwa nimekesha nikitazama vidio za Waingereza. Kuna jamaa anaitwa Terry Herbert, mwaka wa 2009 alikuwa anapitisha detekta yake kwa shamba la mtu huko Staffordshire, akakuta dhahabu ya kale, maelfu ya vipande. Ikathaminiwa zaidi ya pauni milioni 3, pesa akagawana na mwenye shamba. Sasa wewe uko Nairobi, fare ya kesho hujui itatoka wapi, na unaona hiyo saa nane usiku. Si lazima uone umeomoka tayari?

Halafu mimi upande wa mama ni wa Malindi. Mwaka wa 2010, wataalamu wa Kenya na China walichimba Mambrui wakapata sarafu ya shaba yenye tundu la mraba katikati, ya enzi za mfalme Yongle wa China, zile zilizotengenezwa kati ya 1403 na 1424. Nikajiambia, kama iko moja ziko mia. Nikapanda basi la usiku.

Wiki ya kwanza nilikuwa ufuoni tu. Hakuna mtu huwa anakwambia vile bahari inachanganya hizi mashine za bei rahisi. Maji ya chumvi yanapitisha umeme, kwa hivyo kwa mchanga uliolowa detekta inalia ovyo kama mtoto mwenye njaa. Mchanga wa pande zile pia una chembe nyeusi zenye chuma ndani, zinang'aa vizuri sana kwa picha lakini zinasumbua. Nilitoa vizibo, misumari ya mashua, chubwi za wavuvi, na kijiko. Siku moja nikatoa sarafu yenye tundu katikati. Nilipiga nduru ufuo mzima ukageuka. Kumbe tundu lilikuwa la duara. Ilikuwa senti 10 ya wakati wa mkoloni, imeandikwa East Africa. Nyanya aliiangalia akacheka, akasema enzi zake wangetoboa kamba hapo wakavaa shingoni.

Hapo ningeachia. Lakini jirani ya nyanya ana shamba lenye ukuta wa zamani wa matumbawe, na kando yake makaburi ambayo hakuna mtu anakumbuka ni ya nani. Mzee mwenyewe alikuwa ananiona kila asubuhi, namwambia shikamoo, ananiitikia marahaba mjukuu wangu, ananiuliza habari za Nairobi. Sikumwomba ruhusa. Nilingoja aende kuswali alasiri, nikaingia na detekta na panga.

Mashine ililia karibu na ukuta. Nikachimba kama kiwiko hivi, nikatoa kitu cha shaba, chembamba kama ukucha, kijani kabisa, na juu kuna vimaandishi kama vya Kiarabu. Mikono ilikuwa inatetemeka, mnaikumbuka kwa vidio. Kile hamkuona ni nilichofanya nyumbani. Nikaipaka limau na chumvi, nikaisugua na waya wa sufuria ing'ae kwa kamera. Iling'aa kweli. Maandishi yakaisha.

Vidio ikapaa. Nilikuwa nimerudi Nairobi, nahesabu likes, nyanya akapiga simu. "Wewe mtoto, umetuletea nini huku?" Watu walikuwa wameutambua ule ukuta. Walikuja usiku na majembe na matochi, wengine hata detekta hawana, wanachimba tu. Kipande cha ukuta kilianguka. Shimo moja lilikuwa limeingia ubavuni mwa kaburi.

Nilifuta vidio usiku huo. Watu walikuwa wameshaidaunlodi.

Ndio nikaanza kusoma vitu ambavyo ningesoma kabla ya kununua mashine. Sheria yetu ya makumbusho na turathi ni ya 2006. Kitu kilichotengenezwa ama kuletwa Kenya kabla ya 1895 ni mali ya kale, si ya aliyekiokota. Ukikigundua una siku 7 za kuripoti, na kutafuta kwenyewe kunahitaji leseni. Hata hao Waingereza wangu wana sheria. Wawili wao, George Powell na Layton Davies, walikuta hazina Herefordshire mwaka wa 2015 wakaificha, na 2019 wakafungwa jela. Algorithimu haikuwa imenionyesha hiyo.

Nikapeleka sarafu kwa watu wa makumbusho, nikiwa nimejipanga kukamatwa. Mama aliyenipokea hakunifokea, na hiyo iliniuma zaidi. Aliiweka kwa kiganja akauliza: ilikuwa kina gani? Ililala juu ya udongo wa rangi gani? Kulikuwa na vigae, mkaa, mifupa ya samaki kando yake? Nikamwambia nilichimba na panga. Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza mbona inang'aa.

Hiyo sarafu ya Mambrui ukiiuza peke yake haiwezi kukununulia nyumba. Uzito wake ni kwamba walioitoa wanajua ilitoka wapi hasa, na nini kilikuwa karibu nayo. Linganisha na zile sarafu 5 za Kilwa ambazo mwanajeshi mmoja aliokota mwaka wa 1944 kwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Kilwa yetu hii, mpaka Australia! Lakini ziliokotwa tu ufuoni, na mpaka leo wasomi wanabishana zilifikaje huko. Yangu ni mbaya kuliko hizo. Zile angalau bado zinasomeka.

Likizo iliyofuata nilienda kwa mzee. Nikamwambia shikamoo, akaitikia, lakini ile mjukuu wangu haikuja. Nikaeleza kila kitu nikiangalia chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na jembe na karai. Tulifukia mashimo siku mbili. Lile la kaburini alilifukia mwenyewe, hakutaka nisaidie.

Detekta bado ninayo, sikuiuza. Juzi dada mmoja alipoteza pete ya ndoa akiogelea na watoto, tukaitafuta pale juu mchanga ulipo mkavu, alipokuwa ameweka nguo. Mashine ililia mara tatu: kizibo, kizibo, pete. Alilia huyo dada, akanilazimisha kula samaki na wao.

Kwa wale bado mnaniomba pin ya ule ukuta: sitatuma.