Wapiga Kelele wa Kidato cha Pili

Kama umesoma shule ya serikali Tanzania, karatasi hii unaijua. Monita anachana ukurasa katikati ya daftari, anaandika juu WAPIGA KELELE kwa herufi kubwa, kisha majina yanaanza kushuka. Ukiendelea kuongea, pembeni ya jina lako inaongezwa mara mbili, mara tatu, mara tano. Mimi niliandikwa sana. Sikutegemea kwamba iko siku ningeletewa karatasi hiyo mezani, kwa mikono miwili, na mtoto wa miaka kumi na tano anayeniita "sir".

Ilikuwa Julai 2014. Nilikuwa na wiki nane za mazoezi ya kufundisha, Kiingereza na Kiswahili, katika shule moja ya kata jirani na Sanje, kwenye ile barabara ya Kidatu kwenda Ifakara. Nyuma ya madarasa kuna milima ya Udzungwa, mbele kuna miwa mpaka macho yachoke. Julai ni msimu wa kuvuna. Miwa huchomwa moto kabla ya kukatwa, na asubuhi masizi meusi yanatua juu ya mashati meupe ya wanafunzi. Kidato cha Pili nilichopewa kilikuwa na wanafunzi sabini na kitu, madawati hayawatoshi.

Pale shuleni karatasi iliandikwa hata mwalimu akiwa darasani, kwa agizo la mwalimu wa nidhamu, na neno lolote la Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza lilihesabiwa kelele. Hebu fikiria. Hawa ni watoto waliosoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, kama ilivyo tangu 1967, halafu wakavuka kwenda sekondari na kukuta kila somo isipokuwa Kiswahili limegeuka Kiingereza. Mtoto akimgeukia jirani yake na kunong'ona "amesemaje?", ameshaandikwa. Akiuliza tena, mara mbili. Nilizitunza karatasi zile kwenye faili langu la maandalio, na kadiri nilivyozisoma ndivyo nilivyoona kuwa zilikuwa zinaniambia ni akina nani hawajanielewa, na hawajanielewa mara ngapi. Kwenye kipindi cha Kiswahili watoto walewale walibishana juu ya methali mpaka kengele ikalia, na monita hakushika kalamu.

Jina lililoongoza lilikuwa la kijana mmoja wa nyuma kabisa, mrefu, mtoto wa wakulima wa mpunga. Nitamwita Mrefu tu.

Wiki ya tatu nilianza kuwasomea Mabala the Farmer, kitabu cha Richard Mabala kilichokuwa kwenye orodha ya Kidato cha Kwanza na cha Pili. Ni hadithi ya kuchekesha kweli, ya mtu wa mjini anayejikuta shambani na kilimo hakijui. Nikasoma, kimya. Nikasoma taratibu zaidi, kimya zaidi. Ukitaka kujua upweke, soma kichekesho mbele ya watu sabini wanaokutazama kama unasoma hati ya mashtaka.

Nikatoka nje, nikachukua jembe la watoto wa zamu, nikaanza kuigiza. Mimi mwenyewe nimekulia mjini, kwa hiyo sikuhitaji kuigiza sana. Mrefu akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, hivyo utajikata mguu!"

Darasa likapasuka. Monita akaandika. Nikamwita Mrefu mbele, nikampa jembe, nikamwambia atuonyeshe, ila atuambie kwa Kiingereza. Akashika mpini, akapanua miguu, akafikiri. "You cut leg, sir. Like Mabala." Wakacheka tena, safari hii wakimcheka Mabala mwenyewe, ukurasa mzima nyuma ya wakati. Mikono ikawa juu, wanauliza palizi inaitwaje, mpini unaitwaje. Kelele hasa.

Mwalimu wa nidhamu akasimama dirishani na fimbo yake. "Mwalimu, darasa limekushinda?"

Nikamjibu kwamba tunasoma. Alitazama jembe, akamtazama Mrefu, akanyoosha mkono kwa monita na kuichukua karatasi.

Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema mwenye mamlaka ya kuchapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Niliuliza kitabu kiko wapi. Ofisi nzima ilicheka, bila ubaya, kama unavyomcheka mgeni anayeuliza bei ya maji ya mtoni. "Huyu wa chuo," alisema mmoja. Mrefu alichapwa nje ya ofisi mchana ule, na sikusikia mtu akihesabu.

Wiki iliyofuata mkaguzi kutoka chuoni alikuja kunitathmini. Darasa lilikaa kama maji mtungini. Hakuna aliyegeuka, hakuna aliyenong'ona. Mrefu alitazama dawati lake dakika themanini zote. Niliuliza maswali, nikayajibu mwenyewe. Kwenye fomu, kipengele cha nidhamu ya darasa ndicho nilichopata alama za juu kuliko vyote, na mkaguzi alinipa mkono wa pongezi mbele ya walimu.

Ajira za walimu wa sanaa zilipokauka nilishaingia kwenye uandishi wa habari. Oktoba 2016 nilikuwa zamu pale ilipoingia ile video ya Mbeya: walimu waliokuwa mazoezini, kama nilivyokuwa mimi, wanamshambulia mwanafunzi wa Kidato cha Tatu kwa mateke na ngumi ndani ya ofisi ya walimu. Nchi ilichafukwa, mawaziri wakatoa matamko, wahusika wakafukuzwa vyuoni. Ilikuwa haki. Taarifa ya serikali ilieleza kisa kwa sentensi chache: lilitolewa zoezi la Kiingereza, wanafunzi hawakulifanya, wakaadhibiwa, mmoja akaikataa adhabu.

Wiki nzima tuliandika juu ya nidhamu, wengine nidhamu ya wanafunzi, wengine ya walimu. Katika habari zote zilizopita mezani kwangu, hakuna hata moja iliyosema lile zoezi lilikuwa linauliza nini.