Stima ya Mama

Mwaka 2019, nilipokuwa nimemaliza tu mtihani wa kidato cha nne, Mama alinyamaza. Hakuwa amenuna. Alinyamaza kama jiwe: hakula, hakulala, hakutujibu. Mjomba akasema ni majini. Tukaenda kwa mganga, tukarudi vilevile.

Hospitali ya karibu ilimpa dawa, hazikumfaa. Daktari akaniita kando. "Kijana, mama yako anahitaji stima ya kichwa. Lakini hapa hatuna mashine, na hata tungekuwa nayo, daktari wa usingizi ni mmoja tu, anangojwa na akina mama wa kupasuliwa." Basi tukauza ng'ombe, tukapanda gari la usiku kwenda Nairobi.

Ndugu msomaji, sikufichi, niliogopa. Nilikuwa nimeona sinema: mtu kafungwa mikanda, anapiga mayowe. Na zamani watu waliteseka kweli. Cerletti na Bini walipoanza tiba hii kule Roma mwaka 1938, wagonjwa hawakupewa dawa ya usingizi, na wengine walivunjika mifupa kwa kutetemeka. Kumbe siku hizi mgonjwa hulazwa usingizi kwanza, akapewa dawa ya kulegeza misuli, ndipo stima ya sekunde chache. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kuwa kuwapiga watu stima bila usingizi kukomeshwe.

Baada ya mara ya nne, Mama aliomba chai. Chai tu! Nililia mbele ya manesi bila haya.

Lakini kila kitu kina bei yake. Siku moja aliniuliza, "Nyanya yako hajambo?" Nyanya tulikuwa tumemzika miezi mitatu kabla Mama hajaugua. Ilibidi nimwambie upya, naye akalia upya. Mazishi yale hayakumrudia akilini hadi leo.

Jirani yetu naye alinyamaza vivyo hivyo mwaka uliofuata. Kwao hapakuwa na ng'ombe wa kuuza. Alifungiwa nyumbani, akafia humo, na watu wakasema alirogwa.

Nimeanza kuandika riwaya. Mjomba ananikataza, eti nitaianika familia. Nilipomuuliza Mama, alicheka kidogo, akasema, "Andika, mwanangu. Uniandikie na yale mazishi, nami niyasome."