Wamehamisha Mlango, Redio Kagonga Ukuta

KUNA jambo linanikaa rohoni muda mrefu na leo nalitoa hadharani. Nilimwambia rafiki yangu asiyeona: “Zoea tu bwana, dunia inakwenda!”

Tumwite Redio, maana ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Redio haoni tangu utotoni, lakini kwa soka usimguse! Anasikiliza mechi redioni, mpira ukiisha anakushushia uchambuzi mpaka aliyekuwepo uwanjani anajiuliza yeye alikuwa anaangalia nini. Mimi na yeye tuna kijitovuti chetu cha soka. Fedha hakuna, lakini wasomaji wapo, na wanamfuata yeye, siyo mimi.

Najua utauliza, asiyeona anaandikaje? Kompyuta yake ina programu ya bure inayoitwa NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na kijana mmoja wa Australia ambaye naye haoni. Inamsomea kwa sauti kilichopo kwenye kioo, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya roboti mwenye mafua. Mausi haigusi kabisa. Anatembea kwa vitufe: Tab, Tab, mshale chini, Enter. Ukurasa wa kuandikia alikuwa ameukariri kama wewe unavyoijua njia ya chooni usiku umeme umekatika. Kitufe cha kuchapisha kilikuwa Tab ya saba. Hakosei.

Basi bwana, Jumapili moja mwaka 2021 akanipigia simu saa tano usiku.

“Kaka, wamehamisha mlango,” akasema. Sauti ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

Wenye programu tuliyokuwa tunatumia (siitaji, nisije nikaitwa mahakamani kwa mfuko huu nilionao) walikuwa wamebadilisha kila kitu usiku huo. Nikafungua. Kweupe pee! Vitufe vimefichwa, kila aya imewekwa kwenye kisanduku chake, picha unaiburuta unakotaka. Ukweli wa Mungu, nilipenda. Ilikuwa kama kuingia saluni mpya. Ndipo nikamtupia lile neno langu la “zoea tu.” Redio akanyamaza, kisha akakata simu.

Kumbe mwenzangu alikuwa amebonyeza Tab zaidi ya mara arobaini, anazunguka visandukuni kama mgeni Kariakoo. Roboti anamwambia “kitufe, kitufe, kitufe” bila kusema kitufe cha nini. Kulikuwa na mahali pa kurudisha muonekano wa zamani, nikamrudishia. Wiki chache baadaye na hapo pakafutwa.

Tukapanga awe ananisomea kwenye simu, mimi naandika. Mechi ya kwanza ikaenda vizuri. Ya pili alisema beki fulani “anakaba kama anadai kodi ya nyumba,” mimi nikaona ni utani wa kijiweni, nikaandika “anakaba kwa nguvu.” Asubuhi roboti akamsomea makala yake mwenyewe.

“Hayo siyo maneno yangu,” akaniambia. “Kwanza wamenichukulia kalamu, sasa na wewe unanichukulia mdomo.”

Nikachoka!

Ndipo nikaanza kufuatilia kama ni sisi tu. Wapi! Kasheshe kubwa kuliko yote ya namna hii ilikuwa ya WordPress, programu iliyozaliwa mwaka 2003. Desemba 6, 2018 walitoa toleo la 5.0, na ndani yake ukurasa mpya wa kuandikia wa visanduku uitwao Gutenberg, jina la yule Mjerumani wa uchapaji. Wakati huo karibu theluthi moja ya tovuti zote duniani zilikuwa zinaendeshwa na WordPress, kwa hiyo piga picha mwenyewe. Walioujaribu mapema waliupa wastani wa nyota kama 2 hivi kati ya 5. Mafundi wakalalamika kwamba watu wanajiandaa na Krismasi, nani atakaa kutengeneza tovuti za wateja zikiharibika? Toleo likatoka hivyo hivyo, siku moja kabla ya mkutano wao mkubwa kule Nashville, Marekani.

Matt Mullenweg, mmoja wa waanzilishi, alikuwa na hoja yake, na siyo ya kipuuzi: mgeni asiyejua kodi za kompyuta naye apange ukurasa wake mwenyewe, kama washindani wao walivyokuwa wanawawezesha watu. Mimi ningempigia kura, kama nisingemjua Redio.

Kilichonishika ni mama mmoja, Rian Rietveld, aliyekuwa anaongoza kikosi cha kuhakikisha watu wenye ulemavu wanaweza kuitumia WordPress. Oktoba 2018, wiki chache kabla ya toleo, akajiuzulu, na matatizo ya Gutenberg kwa watu kama Redio yakiwa miongoni mwa sababu. Kwa hiyo hawakuwa hawajui, waliambiwa!

Lakini WordPress angalau waliacha mlango wa uani. Kuna kijiprogramu cha kuongezea, Classic Editor, kinachorudisha ukurasa wa zamani. Walisema watakihudumia hadi mwisho wa 2021, halafu wakasogeza mbele, maana tovuti zilizokiweka zilikuwa mamilioni. Na kwa kuwa programu yenyewe ni huria, wengine walichukua kodi zake wakaenda kuanzisha yao, ClassicPress, isiyo na Gutenberg. Sisi kwenye programu yetu hatukuwa hata na dirisha.

Tukahama. Ilituchukua miezi miwili, picha nyingi zikapotea njiani, na wasomaji wengine hawakutufuata. Ukurasa wa sasa ni mbaya kwa sura, kama fomu ya serikali, lakini Redio anaandika na kuchapisha mwenyewe. Kitufe kiko Tab ya tisa.

Mimi nimebaki na kazi ya picha. Wiki iliyopita nilipita kwenye makala yake nikaona sentensi ndefu mno, mkono ukaniwasha, nikaongeza nukta moja. Moja tu. Saa moja haikupita, simu ikalia.

“Kaka, nani kaweka nukta pale kwenye kona ya dakika ya 80?”

Nikaitoa.