Mguu wa Sungura Ndio Nduru Yake

Wasee, leo tunaongea kuhusu sungura. Usipite bado. Hii ni stori ya kelele za usiku, ya mwenye ploti, na ya mnyama anayeambiwa anyamaze wakati anajaribu kuonya watu.

Wacha niseme msimamo wangu mapema. Sungura anayepiga mguu usiku hana kiburi, hana mapepo, na si ati anakuchukia. Anapiga nduru. Ukitaka atulie, achana na yeye kwanza, tafuta kile amesikia. Halafu mpe mahali pa kujificha. Ukimchapa, umempa sababu ya pili ya kuogopa, na sababu hiyo ni wewe.

Kama hujawahi kufuga, iko hivi. Sungura anakauka ghafla, masikio juu, macho yamemtoka. Anainua miguu ya nyuma na kuikita chini. Du! Anasikiliza. Du! tena. Kwa mnyama wa kilo tatu au nne, hiyo sauti ni kubwa kuliko vile unafikiria. Sasa chukua sakafu ya plaiwudi, uipigilie misumari kwenye ukuta wa mabati unaotenganisha keja mbili. Hapo umetengeneza ngoma, na jirani amelala upande wa pili wa hiyo ngoma.

Kwetu huku ngoma kama hizo ni nyingi. Kibera na Kawangware sungura wako kila mahali: chini ya ngazi, juu ya paa, kwa kona ya choo cha ploti. Sababu iko wazi. Hahitaji shamba. Anakula nyasi, majani na maganda ambayo mama mboga alikuwa atupe. Mimba yake ni kama siku 31 tu. Kinyesi chake kinaenda kwa gunia la sukuma wiki, na kuna wakulima wananunua mkojo wake kama mbolea ya kunyunyizia majani. Wengine wanafuga wa nyama, wengine wamempa jina na wanalala naye chumba kimoja. Lakini wote wanapiga mguu, na kwa sababu moja.

Sasa anapiga kwa nini? Hapa lazima tuachane kidogo na Sungura wa hadithi, yule mjanja anayemdanganya Fisi na Simba kwa maneno matamu. Yule anafanana zaidi na sungura wa porini wa Afrika, ambaye hachimbi shimo, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi. Huyu tunayemfuga kwa kizimba asili yake ni Ulaya, pande za Uhispania na Ureno. Mababu zake waliishi chini ya ardhi, familia nyingi kwenye mtandao wa mashimo. Watoto wake huzaliwa uchi na vipofu.

Wakitoka nje kula, yule wa kwanza kuona mwewe au mbweha alikuwa anakita mguu. Walio nje wanasikia, walio ndani wanahisi ardhi ikitikisika, na kila mtu anaingia shimoni. Kelele imeisha kwa sababu kazi yake imeisha.

Shika hapo, kwa sababu ndio kiini cha mambo yote. Ile nduru ina mwisho: mwisho wake ni shimo. Sungura wa kizimba amepewa nduru bila shimo. Tumemweka ndani ya waya pande zote nne, kila kitu kinamuona, hana pa kuingia. Anapiga mguu, hatari iko palepale, na yeye yuko palepale. Atafanya nini? Atapiga tena.

Mimi nakaa Kibera, si mbali na reli. Treni ya kwenda Kikuyu ikikaribia, utaona sungura wa jirani wameinua masikio kabla wewe hujasikia kitu. Ardhi imewaambia. Lakini wale wakubwa hawapigi mguu tena kwa ajili ya treni, wanarudi kula. Wameizoea. Inapita, haiwali, basi. Wanaopiga ni wale wageni, walioletwa juzi. Hiyo pekee inakuonyesha kwamba sungura hapigii kelele kila kelele. Anapigia kitu asichokielewa.

Kesi iliyonifanya niandike iko Kawangware, upande wa Gatina. Binamu yangu anafuga sungura sita kwa ploti ya mabati. Anauza wale wadogo ndio apate fee ya kozi yake ya umeme. Sungura wakaanza kupiga mguu usiku, kila usiku. Jirani wa ukuta ni mama anayeamka saa tisa usiku kwenda Marikiti kuchukua mboga. Alivumilia wiki mbili, halafu akaja mlangoni.

"Kijana wangu, mimi sina neno na wewe. Lakini hizi sungura zako zitaniua na usingizi."

"Pole sana mama, nitaangalia."

Keretaka wa ploti hakuwa na upole huo. "Mwisho wa mwezi. Ama zitoke, ama mtoke nazo." Na fee ya muhula ilikuwa ndani ya kile kizimba.

Hapo ndipo kila mtu akawa daktari wa wanyama. Wa kwanza akasema wamwagie maji baridi wakipiga. Wa pili akasema gonga kizimba na rungu watajua wewe ndiye mkubwa. Wa tatu akataka wafunikwe na gunia zito usiku kucha, bila hewa. Wa nne alikuwa ameshawasha jiko.

Nikasema hapana, na sikusema kwa sababu ya huruma tu. Sungura hawezi kuunganisha maji yako na mguu wake. Yeye anajua hivi: nimeona hatari, nikaonya, halafu hatari ikanishika. Kesho yake ataogopa zaidi, na mwoga ndiye anayepiga zaidi. Pia mgongo wake ni dhaifu kuliko miguu yake. Akitupa teke kwa hofu ukiwa umemkamata vibaya, anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Na kumnyanyua kwa masikio, vile tulizoea kuona tukiwa wadogo, si mshiko, ni mateso. Kenya tuna sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, na haisemi ati sungura hahesabiwi.

Kwa hivyo tukakaa macho usiku mbili, mimi na binamu, na simu ya kuandikia saa. Mambo yalikuwa tofauti kabisa na vile watu walikuwa wanasema. Jirani mmoja alikuwa anaapa ni spika za kesha ya kanisa. Kesha ikapigwa mpaka usiku wa manane, sungura wanatafuna tu. Matatu za stage zikapiga honi, wapi. Kisha saa saba na kitu, kimya kimeingia, yule mama sungura mwenye watoto akakauka. Du! Tukawasha tochi. Panya, mkubwa, ametoka chini ya mabati na anapanda mguu wa kizimba kuelekea kwa boksi la watoto.

Na hapo nikaelewa kitu kingine. Mwezi uliotangulia watoto watatu walikuwa wamepotea kwa boksi, na ploti nzima ikasema mama yao amewala. Ni kweli sungura mama anaweza kula watoto wake, hasa akiwa na hofu nyingi, njaa au kiu. Lakini ubao wa lile boksi ulikuwa umetafunwa, na alama za meno zilikuwa upande wa nje. Huyu mama alikuwa anapiga nduru kila usiku kwamba kuna mtu anakuja kula watoto wake. Sisi tulikuwa tunajadili kama tumwagie maji.

Kazi yenyewe ilichukua Jumamosi moja. Kizimba kikaondolewa kwa ukuta wa jirani, kikasimama kwa miguu yake. Chini ya kila mguu tukaweka kipande cha tairi kuukuu. Sakafu ya plaiwudi ikawekewa mkeka na nyasi kavu nyingi, ndio mguu ukitua utue kwa kitu laini. Mashimo yote yakazibwa na wavu wa waya wenye matundu madogo. Chakula kilichobaki kinatolewa jioni, kwa sababu maganda yaliyolala ndiyo yanaita panya. Nyasi zinabaki, maana sungura lazima awe na nyasi za kutafuna saa zote. Sumu ya panya tulikataa: ploti ina watoto wanaotambaa, na sungura pia angeweza kuila.

Halafu ile muhimu kuliko zote: kila sungura akapata shimo. Usifikirie kitu cha bei. Katoni iliyotobolewa mlango, ama sanduku la mbao lililofunikwa juu. Na upande mmoja wa kizimba ukafunikwa na kitambaa kinachopitisha hewa, ndio asione kila paka anayepita kwa paa.

Je, walinyamaza? Hapana, na usiamini mtu anayekuahidi sungura bubu. Lakini kutoka kupiga usiku kucha, ikawa mara moja moja: du, halafu unasikia ameingia kwa katoni, halafu kimya. Nduru imepata mwisho wake. Mama wa Marikiti alisema sasa analala. Mwenye ploti ameongeza mwezi mmoja "tuone". Bado hajasema ndiyo.

Sasa, si kila mguu ni panya. Ukifuga, jifunze kusoma mwili wote. Amekauka, masikio wima, macho makubwa: hiyo ni hofu, angalia kuna nini. Amepiga mara moja tu baada ya wewe kumkata kucha au kumrudisha ndani, halafu akakupa mgongo: amekasirika, muache, itapita. Dume linalozunguka miguu yako likinguruma kidogo na kukojoa ovyo: huyo amebalehe. Madume yakifika miezi mitatu au minne, yatenganishe na majike, na pia yasilale pamoja, yatapigana vibaya. Daktari wa mifugo anaweza kumhasi kama ni wa kukaa naye nyumbani.

Na kuna wale wajanja. Kama kila akipiga mguu unakimbia na kipande cha karoti, atajifunza haraka sana kwamba mguu unaleta karoti. Hapo ule ujanja wa hadithi unarudi. Nenda uangalie, ongea naye kwa sauti ya chini, hakikisha hakuna kitu, rudi ulale. Chakula kije kwa saa yake, asubuhi na jioni, kwa sababu hizo ndizo saa zake za kuchangamka.

Lakini ukiniuliza mimi, sungura wa kuogopewa ni yule aliyenyamaza. Anayepiga mguu bado ana nguvu ya kuonya. Anayejikunja kwenye kona, hali, hatoi kinyesi, huyo hali yake ni mbaya. Tumbo la sungura halitakiwi kusimama, na nusu siku bila kula inatosha kukupeleka kwa daktari. Watu wa Kawangware, chuo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko hapo juu Kabete. Watu wa Kibera, KSPCA wako upande wa Karen. Na ukisikia sungura analia kwa sauti, ule mlio mkali kama wa mtoto, jua imefika mbali sana: ni maumivu au hofu ya kufa.

Mwisho, niseme hili. Mtaani kwetu tuna desturi moja ambayo naipenda sana. Mtu akipiga nduru usiku, milango inafunguka. Inaweza kuwa moto, inaweza kuwa mwizi, inaweza kuwa mama amepata uchungu wa kuzaa. Hakuna anayetoka na ndoo ya maji kummwagia aliyepiga nduru. Ndoo inaenda kwa moto.

Sungura yuko kwa ploti yetu, anakula maganda yetu, analipa fee zetu. Sauti hakupewa, alipewa mguu. Leo usiku akipiga, kabla hujashika fimbo, shika tochi.