Mvumilivu hula

"We mtoto, hivi unakimbia au unafunga?"

Mama aliniuliza hivyo mwezi wa saba, wakati Mbulu ina baridi ya kung'ata masikio na ukungu haubanduki mabondeni mpaka saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimetoka kukimbia kilomita 28, njia ya Dongobesh kwenda na kurudi. Nikanywa chai ya rangi bila sukari, nikalisogeza pembeni bakuli la makande. Sikumjibu. Nilijiona nina akili kuliko yeye.

Huku kwetu ukisema unakimbia, hakuna wa kukushangaa. Gidamis Shahanga, mtu wa Hanang, alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978. Gabriel Geay wa Mbulu alikimbia Valencia mwaka 2022 kwa saa 2 na dakika 3. Lakini tuliyelelewa na habari zake ni mzee John Stephen Akhwari. Mexico City, 1968: alianguka njiani, akaumia goti, akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani wa mwisho, wa 57, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia.

Habari hiyo mimi niliisikia vibaya. Nilielewa kwamba mkimbiaji mzuri ni yule anayeumia na kunyamaza. Kwa hiyo mwalimu wetu wa mazoezi aliposema wasichana tupunguze uzito ili tuwe wepesi, nilipunguza. Nikaacha ugali wa usiku. Nikaacha maziwa ya mgando. Nikitembea nikasikia tumbo linanguruma, nilifurahi kabisa, nikasema huu sasa ndio uvumilivu.

Mwanzoni kasi iliongezeka, nikaamini. Kisha siku zangu zikakoma. Wenzangu wawili nao zilikuwa zimekoma, na tuliambizana kama watu wanaopeana habari njema: hakuna usumbufu tena, mazoezi yamekolea! Hakuna aliyemwambia mama yake.

Mwezi wa tisa muundi wa kulia ulianza kuuma, kwanza nikishuka mlima, halafu hata nikiwa nimelala. Hospitali walikuta ufa kwenye mfupa. Muuguzi, mama wa makamo, hakuniuliza nakimbia kilomita ngapi. Aliuliza, "Mdogo wangu, mara ya mwisho umeona siku zako lini?" Nikahesabu kwa vidole. Miezi saba.

Alinieleza taratibu. Mwili ukipewa kazi kubwa na chakula kidogo, unabana matumizi kama familia iliyoishiwa. Unaanza kukata vile inavyodhani vinaweza kusubiri: hedhi, kinga ya magonjwa, ukarabati wa mifupa. Homoni ya estrojeni ikishuka, mifupa ya msichana wa miaka 20 inaanza kudhoofika. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililipa tatizo hili jina rasmi, na kwamba wanaume nao huwapata. Yale makande, mahindi na maharage, ndiyo yaliyokuwa yanausubiri mfupa wangu mezani.

Nilikaa miezi miwili bila kukimbia. Mguu ulipopata nafuu nikaruhusiwa baiskeli ya kaka, na kwa sababu ya hiyo baiskeli nikaanza kusoma habari za watu wa triathlon ndefu: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, halafu marathoni nzima. Nilichoshangaa si umbali. Ni kwamba wanafanya mazoezi ya kula! Akiba ya sukari iliyomo kwenye misuli na ini haiwezi kumfikisha mtu huko, kwa hiyo wanakula wakiwa juu ya baiskeli, gramu 60 za wanga kwa saa, wengine hadi 90, na tumbo hufundishwa kazi hiyo kama mguu unavyofundishwa kupanda mlima. Ndizi moja ina kama gramu 25. Nikafikiria miaka yote niliyokuwa nikiona aibu kula mbele ya wenzangu.

Siku niliyomwambia mama ukweli wote, alikuwa anamenya vitunguu swaumu. Hakunigombeza. Aliinuka, akapakua ugali, maharage na maziwa ya mgando, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Hakusema neno, na mimi nilikula nalia.

Siku zangu zilirudi baada ya miezi mitano. Uzito nao ulirudi. Mwaka uliofuata nilikimbia marathoni ya Moshi nikiwa na viazi vya kuchemsha vyenye chumvi na ndizi kwenye mfuko wa kiunoni, kazi ya mama. Kilomita ya 25 nikala ndizi huku nakimbia. Jamaa mmoja pembeni akacheka: "Dada, umekuja pikiniki?" Kilomita ya 36 nilimpita. Alikuwa amekaa kando ya barabara, ameshika kichwa. Nikampa kiazi.

Tangu shule ya msingi nimeimba mvumilivu hula mbivu. Siku zote nililisikia neno la kwanza tu.