Mkanda Ulioandikwa "Kwaya"

Mwaka 1990 nilikuwa na miaka 22, na kazi yangu ilikuwa kuwarekodia watu kaseti katika kibanda cha mjomba, Magomeni Mapipa. Tulikuwa na redio kaseti mbili za milango miwili, spika moja iliyotazama barabarani, na daftari la oda. Mteja alileta kaseti yake tupu, akataja nyimbo anazozitaka, nami nikampangia upande wa kwanza na wa pili, arudi jioni kuchukua. Tanzania Bara hakukuwa na televisheni wakati huo. Redio ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam, na wimbo usiopigwa pale ulikuwa kama haujatungwa.

Kwa hiyo naikumbuka vizuri ile wiki watu walipoanza kuulizia wimbo "Mambo kwa Soksi". Hawakuuliza kwa sauti. Mtu alisubiri wenzake waondoke, akainama dirishani, akasema: "Kijana, ule wa Remmy unao?" Nikijibu ninao, swali la pili lilikuwa lile lile kila mara: "Juu yake utaandika nini?"

Soksi, kwa asiyejua, ni kondomu. Ukimwi ulikuwa umeshaingia nchini tangu mwaka 1983, ukianzia kwetu Kagera, na hadi mwaka huo wa 1990 sikuwa nimesikia mtu mzima akilitamka jambo lenyewe mbele ya watu. Kwenye mabango kulikuwa na maneno ya heshima kuhusu tabia njema. Msibani tuliambiwa marehemu aliugua malaria, au kifua, au amerogwa. Remmy Ongala akachukua gitaa akaimba kwamba mwanamume atembee na soksi, tena akaimba kwa mdundo unaokuinua kwenye kiti. Redio haikuupiga.

Nilikuwa shabiki wake tangu alipokuwa na Orchestra Makassy, tangu "Siku ya Kufa". Alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947, akabaki yatima angali kijana, akapiga muziki Kongo na Uganda, kisha mwaka 1978 akafika Dar es Salaam. Makassy walipohamia Nairobi yeye alibaki, akaingia Matimila, bendi yenye jina la kijiji cha kusini, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Super Matimila na kujulikana kama bendi yake. Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya Kindu, na hakujaribu kukisugua kifanane na chetu. Alijiita Sura Mbaya, watu wakamwita Dokta.

Ili mtu aelewe ukubwa wa alichokifanya, lazima ajue vyombo vya muziki vilikuwa vya nani siku hizo. Gitaa, amplifaya na drams havikununulika kwa pesa ya mpiga muziki. Vilikuwa vya jumuiya ya wafanyakazi, vya kiwanda, vya jeshi, vya shirika la umma. NUTA Jazz, Urafiki, Polisi Jazz, Vijana Jazz, Mlimani Park, zote zilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mwimbaji. Sisemi hivi kwa kuwabeza. Muziki uliotoka humo ni bora kuliko wote niliowahi kuusikia, na wapigaji walipata mshahara, jambo ambalo wanamuziki wa leo wangelitamani. Lakini ukiwa mwajiriwa, unajifunza kusema kwa fumbo. Watunzi wetu wa dansi walikuwa mafundi wa fumbo: wimbo unasikika ni wa mke mkorofi, kumbe anayesemwa ni bosi. Mashairi yalipitiwa kwanza kabla bendi haijaingia studio ya redio pale Pugu Road, na fumbo lilipita ambapo neno la wazi lingebaki nje.

Remmy alilijua fumbo pia, "Kipenda Roho" ni ushahidi. Lakini alipoamua kusema jambo, alilisema uchi. Wimbo wake "Kifo" unakikabili kifo kama mtu anavyomkabili jirani aliyemdhulumu. Nyimbo za mnyonge hazikumwambia mnyonge avumilie, zilimwambia kwamba anaonewa, na kwamba anayemwonea ana jina na ana tumbo. Hapo ndipo ulipokuwa uhuru wake. Hakuwa tajiri, wala hakuwa na studio. Kwenye mambo ya msingi hakungoja ruhusa, na gharama yake aliijua: kukosa redio katika nchi yenye redio moja.

Nilimwona jukwaani mara nyingi, lakini Jumamosi moja ya mwaka 1989, kwenye ukumbi wa wazi wenye viti vya chuma, ndiyo iliyonikaa. Magitaa yalikuwa yanafumana kama ukili, huwezi kusema hili linaanzia wapi na lile linaishia wapi. Katikati ya wimbo akaacha kuimba, akaanza kuzungumza. Vyombo vikashuka chini, yeye akawa anaongea na watu kuhusu nauli, kuhusu kodi ya chumba, kuhusu mtu anayekufa akiwa na deni la duka. Pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja mbeba mizigo, jasho la kutwa halijamkauka shatini. Alikuwa anaitikia kila kituo, "ndiyo", "ndiyo", kama yuko kanisani. Vyombo vilipopanda tena yule mzee hakucheza. Alisimama tu, amekunja mikono, anatazama jukwaani kwa macho ya mtu ambaye kesi yake hatimaye imesikilizwa.

Mwaka uliotangulia alikuwa ameshakwenda Uingereza kwenye tamasha la WOMAD, baada ya rafiki kuwafikishia waandaaji kaseti yake. Kaseti! Mimi niliyekuwa nashinda nazo mikononi nilijivunia habari hiyo kana kwamba nimeirekodi mwenyewe. Mwaka 1989 ikatoka Songs for the Poor Man, kwa kampuni ya Real World, na mwaka 1992 ikafuata Mambo. Kuna waliosema Wazungu watamharibu. Mimi nilizisikiliza zote mbili nikitafuta palipoharibika. Sauti zimesafishwa, ndiyo, na baadhi ya maneno ni ya Kiingereza, lakini mnyonge wa kwenye kaseti zangu za Magomeni alikuwa ni yule yule.

Kuna jambo lazima niliseme. Kwa kila kaseti niliyoirekodi pale kibandani, Remmy hakupata hata senti moja. Wala Marijani Rajabu, wala mwanamuziki mwingine yeyote. Hakuna aliyeona ni kosa, ndivyo biashara ilivyokuwa mji mzima. Sisi tuliompenda ndio tuliompelekea sauti kwenye malori, kwenye mashine za kusaga na migodini, kule redio ilikokataa kumpeleka, na sisi hao hao ndio tuliokula jasho lake. Nimeyabeba mawili haya kwa zaidi ya miaka 30 na bado sijajua niyawekeje pamoja.

Kuhusu jina la kuandika juu ya kaseti, watu walikuwa na yao. Nesi mmoja aliyechukua kaseti tano aliniambia, "Mdogo wangu, andika Remmy kwa herufi kubwa." Huyo alikuwa peke yake. Wengine walitaka "Taarabu", "Zilipendwa", "Mafunzo ya Kiingereza". Kaka yangu mkubwa, dereva wa lori njia ya Mwanza na Bukoba, alitaka "Kwaya", maana mama alikuwa akimpekulia mizigo kila anapofika nyumbani. Nikamwandikia kwa kalamu ya bluu.

Remmy mwenyewe aliishia kwenye injili. Maradhi yalimwandama, akaokoka, akazikata zile nywele ndefu alizojulikana nazo, akauacha muziki wa dansi. Mashabiki wengi walinuna. Mimi sikununa, maana mtu niliyempenda kwa kutongoja ruhusa yangu sikuwa na haki ya kumdai aniombe ruhusa mwishoni. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010 nyumbani kwake Dar es Salaam. Makondakta wa daladala bado wanaita "Sinza kwa Remmy".

Kaka alikuwa ametangulia siku nyingi, mwaka 1993. Tulimzika nyumbani, nyuma ya migomba, na tukaambiwa ni kifua. Jioni ya siku ya tatu, mama alitaka nyimbo za Mungu ndani ya nyumba. Kijana wa jirani alileta redio. Mama akafungua mkoba wa kaka uliorudi na lori, akaikuta kaseti, akausoma mwandiko wangu bila kujua ni wangu, akaiweka.

Lilianza gitaa. Mimi nilikuwa mlangoni, miguu ikafa ganzi. Kina mama waliokuwa wameketi kwenye majani walitazamana. Ikaja sauti ya Remmy, ikalitaja neno lenyewe mara ya kwanza, mara ya pili, na baba mdogo akanyanyuka aizime.

Mama alimshika mkono. "Iache," akasema. "Hii ndiyo kwaya aliyokuwa anaisikiliza mwanangu."

Hakuna aliyeitikia wala aliyetikisa kichwa. Tuliusikiliza wote mpaka mwisho, zaidi ya watu 20 katika chumba kimoja, taa ya chemli imewekwa chini. Ulipokwisha, mama alisimama akaugeuza mkanda upande wa pili.